Maswali Yenu: Nyari, Galana na mto tunaoupita kila siku bila kuuangalia

Mwezi uliopita nilichomeka mistari miwili tu mwisho wa safu hii, kwamba nimepeleka wageni wangu kwenye makorongo ya Nyari kule Marafa na tumerudi usiku na mchanga mpaka ndani ya masikio. Mistari miwili! Sasa meseji zimejaa kwenye simu mpaka nimekosa pa kuweka picha za harusi ya mpwa wangu. Sikujua watu wa Malindi mna hamu hivi na bara yenu, manake sisi tunajijua, uso baharini mgongo mtoni, mgeni akija tunampeleka nguzo ya Vasco da Gama, tunampeleka Gede, anakula samaki wa kupaka, kwisha habari. Haya basi, mambo ya mawifi na mahari yangoje mwezi ujao, leo tunapanda bara.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Shela hapahapa Malindi, nina miaka 34 na Marafa sijawahi kufika hata siku moja, nasikia tu kwa watu. Mume wangu anasema lile ni shimo na shimo ni shimo. Kuna nini hasa kule, na naweza kwenda na watoto watatu bila gari letu? – Mama Watatu, Shela*

Waalaykum salaam dadangu. Mwambie shemeji shimo analolijua yeye ni la taka. Nyari unaifikia hivi: uko kwenye ardhi tambarare kabisa, mahindi huku, mihogo kule, mikorosho, mbuzi kafungwa kwenye mti, huoni dalili ya kitu chochote mbele yako, alafu ardhi inakatika miguuni mwako. Yani inakatika. Na chini kuna kuta na vilele vyembamba vimesimama kama mishumaa iliyoyeyuka ikagandia hapohapo, vyekundu, vya waridi, rangi ya chungwa, vyeupe, vingine rangi ya chungu kilichotoka motoni. Wagiriama ndio waliopaita Nyari na watu wa pale watakwambia maana yake ni pahali palipomeguka penyewe. Wazungu wakaja wakapaita jiko la jahanamu na hilo ndilo limeshika kwenye mabango, sijui kwa nini huwa tunakubali majina kama haya wakati letu lipo na ni zuri.

Kilichopachonga ni mvua na upepo, hakuna cha ziada. Ule si mwamba wa kugonga na nyundo, ni mchanga ulioshikana kidogo tu, tabaka juu ya tabaka, mvua ikinyesha maji yanatafuta mwanya na kuchimba, mwanya unakuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo, na pale penye kipande kigumu kidogo ndio panabaki mnara. Wekundu ni chuma kilichoshika kutu ndani ya huo mchanga, chuma kikipungua rangi inafifia mpaka unapata nyeupe. Na kazi haijaisha, kila masika ukingo unasogea kidogo, kwa hivyo watoto washikwe mkono juu pale, usiwaache wasimame mwisho kabisa kwa ajili ya picha, ule ukingo unaonekana mgumu kumbe chini ushaliwa.

Usafiri. Kutoka mjini ni kilomita 30 na kitu, matatu za Marafa zipo, mnavuka daraja la Sabaki alafu mnaacha barabara ya Garsen na kukata kushoto kupitia Marikebuni. Shida ni moja, uzuri wa Nyari ni jioni na matatu jioni zinakuwa za kubahatisha, kwa hiyo ushauri wangu tafuta majirani wawili watatu mkodi gari pamoja, dereva awangoje. Tuktuk msijaribu, najua kuna mmoja atawaambia inafika, ndio inafika lakini migongo yenu haitafika. Mkifika mapema kaeni juu kwenye kivuli mnywe madafu, saa saba au saa nane kule chini hewa haitembei kabisa na kuta zinakurudishia joto la jua usoni, hapo ndipo utaelewa lile jina la jiko lilitoka wapi. Shukeni saa kumi. Kandambili ziacheni nyumbani, vaeni viatu vya kufunga, bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani. Langoni kuna kiingilio, wenyeji wenyewe ndio wanaosimamia, lipeni na mchukue kijana wa pale awatembeze manake njia za chini zinazunguka kama vichochoro na kuta zote zinafanana. Alafu kwenye saa kumi na mbili pandeni juu mtulie, jua likilala upande wa bara zile rangi zinawaka kwa dakika chache hivi, hakuna anayeongea, hata watoto wananyamaza, na wewe mwenyewe ukiona watoto watatu wamenyamaza kwa pamoja utajua nimesema kweli.

Shemeji aje pia. Kuna maji ya kubeba.

*Nilipelekwa Nyari na shule nikiwa darasa la sita, tukaambiwa pale waliishi matajiri waliokuwa wakioga maziwa. Juzi nimemsimulia mwanangu, akaniambia mwalimu wao wa jiografia amesema ni mmomonyoko wa udongo tu. Nani mkweli? – Baba Mwanafunzi, Maweni*

Mzee wangu wasikutenganishe na mwanao kwa hilo. Mwalimu yuko sawa kwa yale ya mchanga na mvua, nimeshaeleza hapo juu. Lakini hadithi usiitupe.

Kwa ambao hawajaisikia, inasemwa hapo kulikuwa na ukoo wenye ng'ombe wengi mno, mali ikawapanda kichwani mpaka maji wakaona ya maskini, wakawa wanaogea maziwa na kufulia maziwa, wengine wanasema hata nyumba walisafisha kwa maziwa. Mungu akachukizwa, ardhi ikawameza wote na mji wao, na ule weupe unaouona kwenye kuta ni maziwa yao na wekundu ni damu yao. Ipo na nyingine, kwamba watu walionywa wahame kwa sababu jambo kubwa linakuja, wakahama wote isipokuwa bibi mmoja mzee aliyekataa kuacha nyumba yake, akazama nayo. Mimi huyu bibi nampenda zaidi, kila ukoo una bibi kama huyu.

Sasa hebu fikiria ile ya maziwa inasimuliwa wapi. Inasimuliwa na watu ambao mvua ikikosa mwaka mmoja akina mama wanatembea na mitungi kutafuta maji, ng'ombe wanakonda, watoto wanapewa maziwa kwa kupimiwa. Kwa watu hao dhambi gani unaweza kuitunga kubwa kuliko kujimwagia maziwa mwilini na jirani yako ana kiu? Mtu wa hapa mjini mwenye bomba angetunga dhambi nyingine kabisa. Msimulie mwanao na hilo, mwone mwalimu wake atasemaje.

*Kaka, mimi ni mtu wa Langoni, Amu. Kila nikiya Malindi kwa basi tukifika hapo daraja la Sabaki naona mai mekundu kama chai ya rangi. Mto huu watoka wapi? Na nimesikia kuna mto Galana, ni huu huu au ni mwingine? – Msafiri wa Amu*

Karibu shekhe, na wasomaji wa Nairobi msicheke, mai kwa Kiamu ni maji.

Ni huo huo. Mto mmoja majina matatu, kama mtu mwenye jina la nyumbani, la shuleni na la kitambulisho. Kule juu upande wa Nairobi na Ngong unaitwa Athi, unashuka ukipita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, unateremka Ukambani, unaingia mbuga ya Tsavo, na humo unakutana na mto Tsavo, na kuanzia hapo wawili wakishaungana ndio wanaitwa Galana. Kwa Waorma na Waoromo galana ni mto mkubwa, maji mengi. Ukishakaribia kwetu jina linageuka tena, Sabaki. Jumla ni kama kilomita 390 na ni wa pili kwa urefu Kenya, umezidiwa na Tana peke yake, ambao wewe pia unauvuka Garsen, kwa hiyo safari yako moja ya basi unavuka mito miwili mikubwa kuliko yote nchini na najua huwa umelala.

Na huo mto Tsavo ndio unaobeba maji ya chemchemi za Mzima, yale maji yanayonyesha kwenye vilima vya Chyulu yakazama ndani ya mawe ya volkano yakachujwa safari yote chini kwa chini na kutokea meupe kama kioo, unamuona kiboko akitembea chini ya maji. Alafu yanakwenda kukutana na Athi iliyopitia viwanda na mitaro ya Nairobi. Ndoa ya namna hiyo tunaijua.

Ule wekundu ni udongo. Mvua ikipiga huko juu mashambani na huko nyanda kavu zisizo na miti, maji hayazami, yanakimbia na udongo wa watu, na udongo wote huo unashuka kwetu. Ndio maana ukija miezi ya kaskazi unakuta bahari ya Malindi mjini imekuwa kahawia, upepo na mkondo vinasukuma tope la Sabaki kuja kusini upande wa mjini, kusi ikianza linasukumwa kaskazini upande wa Mambrui na sisi tunapumua. Wazee wa hapa watakuonyesha mahali walipokuwa wakiogelea utotoni na leo ni mchanga mtupu, ufuo umesogea mbele kwa udongo wa mto huu, kuna hoteli zilijengwa mguu majini na sasa mgeni akitaka kuoga inabidi atembee jangwani kwanza. Mvuvi analalamika, mwenye hoteli analalamika, lakini hayohayo maji ndiyo tunayokunywa, visima vya Baricho vimechimbwa kwenye mchanga wa mto huu na vinalisha Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Siku bomba likikauka nyumbani mnalitukana shirika, hakuna anayefikiria mto.

*Bro, tuko vijana wanane, tumejipanga twende Lugard Falls kule Tsavo Mashariki na pikipiki zetu, tulale huko huko mtoni, tupige picha tukiwa tumetanua miguu juu ya mto kama ile picha maarufu. Tupe mwongozo. – Timu Nane, Muyeye*

Timu Nane mmenipa kazi. Nianze na mabaya.

Pikipiki haziruhusiwi ndani ya mbuga, kuna simba, mtarudishwa getini. Kulala mtoni hovyo hakuna, mnalala kwenye kambi zinazotambulika na mnalipia. Malipo ya mbuga sasa ni kwa simu kupitia eCitizen, keshi hawapokei, na mkitaka bei ya mwananchi bebeni vitambulisho vyenu, kila mtu chake, manake kuna wajanja walikwenda na vitambulisho viwili watu sita. Lipieni kabla hamjaondoka mjini, mtandao kule unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

Sasa mazuri. Njia ni ile ya Kakoneni, Langobaya, Chakama mpaka geti la Sala, ni kama kilomita 110 kutoka Malindi, na karibu njia yote mto uko nanyi upande wa kulia hata kama hamuuoni. Ndio maana nasema hii safari ni yetu, mtu wa Nairobi anakwenda huko kwa kuzunguka Voi, sisi tunaufuata tu mto wetu kinyumenyume. Mkishaingia Sala mnaendelea kando ya Galana, mikoche imejipanga mtoni, tembo wote wekundu kwa sababu wanajipaka udongo wa kule, si rangi yao ya kuzaliwa, na ng'ambo mtaona kilima kirefu kimekatwa juu kama meza na hakiishi. Huo ni uwanda wa Yatta, ni lava, uji wa volkano uliomwagika zamani za kale sana na kuganda, urefu wake ni kama kilomita 290. Kaeni mkiufikiria huo urefu, ni kama Malindi mpaka Lamu na kurudi kwa mstari ulionyooka anavyoruka ndege, na bado kidogo.

Alafu Lugard yenyewe. Msitegemee maji yanaanguka kutoka juu kama kwenye kalenda, mtasikitika kama nilivyosikitika mimi mara ya kwanza kwa dakika tano za mwanzo. Ni mto mpana umefinywa. Galana yote ile inafika kwenye mawe magumu, inakosa njia, inajipenyeza kwenye ufa, na humo inapiga kelele na kuzunguka na kutoa povu, na kwa muda mrefu imekuwa ikisugua yale mawe mpaka yamekuwa na mashimo ya mviringo, mabakuli, visahani, migongo laini yenye mistari ya kijivu na nyeupe na waridi kama ubao uliopigwa randa. Ukikaa hapo kimya ukaweka mkono kwenye jiwe unahisi linatetemeka. Mimi hapo nilikaa saa nzima, wenzangu washarudi garini wanapiga honi. Jina lenyewe ni la yule Frederick Lugard, mwanajeshi Mwingereza aliyepita huku mwaka 1890 akifanyia kazi kampuni ya Waingereza, akitafuta njia ya kwenda bara kwa kuufuata mto, mito yetu hii ukiuliza majina yake yote utakuta kuna afisa mmoja alipita hapo na jua kali.

Na ile picha ya kutanua miguu. Ni kweli kiangazi ufa wenyewe ni mwembamba mpaka mtu anaona anaweza kuuruka. Nawaomba kama kaka yenu, msiruke. Jiwe lile limesuguliwa na maji, ni laini kama sabuni, na chini kidogo tu ya mto pana mahali panaitwa Crocodile Point na hapakuitwa hivyo kwa mapambo. Mamba wapo. Pigeni picha mkiwa mmekaa, mama zenu wanawapenda.

Na jambo moja la kuulizia mkiwa njiani, hasa Chakama na huko mbele: Wasanye, wenyewe wanajiita Waata. Hawa ndio walikuwa wawindaji wa tembo wa nchi hiyo yote, kwa upinde mrefu mzito ambao mtu wa kawaida hawezi kuuvuta na mshale wenye sumu ya mti. Mbuga ilipotangazwa mwaka 1948 kazi ya babu zao ikawa ujangili kwa siku moja. Mkimkuta mzee anayejua habari za pinde zile kaeni chini msikilize, hiyo ina faida kuliko picha mia.

*Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kwenye bustani hapa Malindi kuna sanamu ya Mekatilili. Je aliishi hapa mjini? Na ana uhusiano gani na hayo makorongo mnayoyaandika? – Mwanafunzi, Barani*

Swali zuri kuliko yote mwezi huu, na limetoka kwa mdogo.

Mjini hakuishi mwanangu. Mekatilili wa Menza ni mtu wa bara, Mgiriama, na uhusiano wake na mto huu ni mkubwa. Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya pwani na watu walipe kodi ya nyumba, na yeye, mama mjane, akawa anatembea kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba, watu wanakusanyika, akishawakusanya anawalisha kiapo wakatae. Kuna kisa cha kuku kinachosimuliwa, kwamba alimletea afisa wa Kiingereza kuku na vifaranga akamwambia jaribu kuchukua kifaranga kimoja, afisa akanyoosha mkono kuku akamdonoa, akamwambia basi ndivyo itakavyokuwa ukigusa wanangu. Wakamkamata Oktoba mwaka huohuo yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa magharibi kabisa mwa Kenya, upande wa Kisii. Na mwaka 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu. Kwa miguu mwanangu, Kisii mpaka Giriama, fungua ramani ya shule uangalie.

Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, ile kaya kuu ya Wagiriama, yani kijiji chao kitakatifu cha msituni, na vita vikaanza. Na hapa ndipo mto unaingia: adhabu kubwa waliyotaka kuwapa Wagiriama ilikuwa kuwaondoa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ndio upande huo wenye mashamba mazuri na ndio upande huo wa Marafa. Walichoma nyumba ili watu wavuke kurudi kusini. Kwa hivyo ukisimama pale darajani usifikirie ni daraja la matatu tu, huo mto ulikuwa mpaka wa vita. Mekatilili kaburi lake liko Bungale, kwenye msitu wa Dakatcha, huko huko nyuma ya Marafa, na kila Agosti watu wanakwenda kumkumbuka kwa ngoma na sala za wazee. Msitu huo huo ndiko anakozalia yule ndege mdogo wa manjano na mweusi asiyepatikana popote duniani ila Kaunti hii ya Kilifi. Makaa yanaumaliza.

Na nikuongezee ambalo pengine hawakukufundisha. Kabla ya hapo, enzi za mashamba makubwa ya mtama na nazi ya Malindi na Mambrui, watumwa waliotoroka walikuwa wakikimbilia hukohuko bara, wakajenga vijiji vyao, waliitwa watoro, Fuladoyo ni kimojawapo kinachojulikana. Sisi watu wa mji tunaiona bara ni nyuma, kumbe kuna waliokuwa wanaiona ndio mbele.

*Kuna jamaa amenijia na gogo lililochongwa, lina kichwa cha mviringo na pembetatu zimechorwa, anasema ni la zamani limetoka upande wa Marafa, nikaliweke kwenye mgahawa wangu watalii watapenda. Bei si mbaya. Nichukue? – Mwenye Mgahawa, Casuarina*

Usichukue. Hicho ni kigango. Hicho ni mtu.

Mgiriama mwenye cheo, mwanachama wa chama cha Gohu, akifariki, baadaye watu wake wanamchongea kigango kikasimamishwa nyumbani ili roho yake ipate pa kukaa, na kikishasimamishwa hakihamishwi, kinaachwa mpaka kiliwe na mchwa na jua. Ukikiondoa na ukoo ukapata ukame au watoto wakaugua, wenyewe wanajua sababu. Kwa miaka mingi vimeibiwa usiku na kuuzwa hapahapa pwani kwa wageni, na mamia vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, huko ndiko wasomi walipovitambua viwili kwa picha ambayo mmoja wao alikuwa ameipiga zamani nyumbani kwa wenyewe. Mwaka 2007 ndipo hivyo viwili vilipoanza kurudi kwa wenyewe, na baadaye makumbusho ya Denver yakarudisha 30 kwa mpigo. Sasa vimesafiri Marekani na kurudi, wewe uvitundike juu ya friji ya soda? Kiripoti makumbusho, na huyo jamaa mwambie nimemwona.

*Tulikwenda Nyari, kijana mmoja wa njiani, si wa getini, akatuchaji pesa nyingi kututembeza alafu akatuacha katikati tukapotea nusu saa. Hii ndio utalii gani? – Mwenye Hasira, Majengo*

Pole sana. Jibu lako liko ndani ya swali lako, "wa njiani, si wa getini". Lipia getini tu na muulize aliyepo pale akupe mtu, na bei mkubaliane kabla ya kushuka, si mkiwa chini na jua linazama. Nusu saa si mbaya, kuna mjomba wangu alipotea msikitini Mombasa siku nzima.

*Mwisho naomba kujua, ni salama kuogelea pale Sabaki inapoingia baharini? Mchanga ni mzuri na hakuna watu. – Mpenda Maji, Kisumu Ndogo*

Umejiuliza kwa nini hakuna watu?

Viboko wako pale mdomoni mwa mto, mchana wamezama hadi puani unadhani ni mawe, na mamba wanashuka na mafuriko, kila mwaka tunasikia habari za mtu aliyekwenda kuchota maji huko juu mtoni. Usiogelee. Lakini kwenda, nenda, na uende kwa miguu kupitia vilima vya mchanga asubuhi mapema, maji yakiwa yamekupwa, kuanzia Oktoba mpaka Machi ndege wa Ulaya na Asia wamejaa kwenye matope, na ukiwa na bahati heroe wamesimama mamia kwa pamoja, mguu mmoja mmoja, waridi kama kuta za Nyari. Beba darubini kama unayo. Mimi yangu nilimwazima rafiki mmoja wa Ngala tangu Ramadhani ya mwaka juzi, kama anasoma hapa anajijua.